Nani Aling'oa Pamba ya Nandete?

Mhadhara kwa walimu wa Historia na Kiswahili wa shule za sekondari na vyuo vya ualimu



Nianze na majina mawili: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Aliyewahi kuyasikia anyooshe mkono. Naona mikono minne katika ukumbi mzima.

Hao ndio waliong'oa mashina ya kwanza ya pamba katika shamba la Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, mwezi Julai 1905. Pamba ile ilikuwa ya serikali ya Wajerumani, na watu walilimishwa kwa nguvu chini ya maakida na majumbe. Kuing'oa kulikuwa kutangaza vita, na vita vikaja. Vikaenea kwa Wangindo, Wambunga na Wapogoro, vikafika kwa Wabena na kwa Wangoni hapa Songea, na havikuzimika kabisa hadi 1907. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kukuandikia sababu za Vita vya Majimaji, moja baada ya nyingine, hata ukimwamsha usiku. Majina ya wawili wale hayajui. Nami kwa miaka mingi niliyofundisha sikuyatia kwenye noti zangu, maana hayakuwa yakiulizwa kwenye mtihani.

Tumeyajuaje basi? Katika miaka ya 1960 kijana aitwaye Gilbert Gwassa alitembea vijijini Umatumbi akaketi na wazee waliokuwapo vita vilipoanza, akawauliza. Baadaye yeye na John Iliffe wakachapisha kijitabu chenye kumbukumbu hizo. Mwaka 1968, Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ikawatuma wanafunzi wake katika maeneo yaliyopigana, wakusanye masimulizi ya vita hivi kutoka kwa wazee. Kazi zao zikakusanywa pamoja mwaka uliofuata. Ukiondoa kazi zile, sehemu kubwa ya tunayoyafundisha leo juu ya Majimaji ingebaki kuwa maneno ya maofisa wa jeshi waliokuja kuvizima.

Naomba tulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu ndilo lililonileta mbele yenu. Waliofanya kazi ile walikuwa vijana wa shahada ya kwanza, si maprofesa. Walikuwa na umri wa wanachuo mliokaa safu za nyuma. Na walikwenda kwa wakati: mzee wa miaka 80 mwaka 1968 alikuwa kijana wa miaka 17 pamba ilipong'olewa. Aliyaona kwa macho yake. Kama wangesubiri miaka 20 tu, wangekuta makaburi.

Kulikuwa na haraka nyingine pia. Mwaka 1963 mwanahistoria wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alidai kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa ila ile ya Wazungu walioko Afrika. Dar es Salaam, idara iliyoongozwa na Terence Ranger iliamua kujibu kwa kufanya kazi. Isaria Kimambo alikwenda kwao Upare akauliza koo moja baada ya nyingine, na kitabu chake juu ya historia ya kisiasa ya Wapare kikatoka 1969. Dai lile lilijibiwa na mtu aliyepanda milima na daftari mkononi.

Taaluma tunazoziita insia, yaani historia, lugha, fasihi, falsafa, dini na sanaa, huonekana kwa wengi kuwa taaluma za kukaa. Unakaa, unasoma, unakariri, unaandika. Mzazi akisikia mwanawe amechaguliwa tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, husema, "Haya, si mbaya," kwa sauti ya mtu anayefariji. Mimi nasema taaluma hizi zimechoka kwetu kwa sababu tumeziondolea miguu. Mwalimu wa kemia akikosa maabara hulalamika, na ni haki yake. Serikali na wazazi humsikia. Mwalimu wa historia maabara yake ipo, imekaa chini ya mwembe nyuma ya shule ikimenya mihogo, na hajawahi kuifungua.

Nitawapa neno moja lililotoka kwenye maabara hiyo. Wazee wa Umatumbi walisimulia kwamba kabla ya vita, habari za mganga Kinjikitile Ngwale na dawa yake ya maji kule Ngarambe zilipitishwa kwa siri, mtu kwa mtu, na upitishaji huo ulikuwa na jina lake: njwiywila. Ni neno la mnong'ono. Liseme polepole utasikia midomo inavyokaribiana. Sasa fikirini ripoti ya ofisa aliyeshtuka siku moja kuona wilaya nzima imesimama. Yeye aliona ghafla. Wazee wanatuambia haikuwa ghafla hata kidogo. Kulikuwa na mtandao, kulikuwa na muda, kulikuwa na watu wazima walioweza kutunza siri kijiji hadi kijiji. Hoja nzima ya kihistoria, kwamba vita hivi viliandaliwa na kupangwa, imelala ndani ya neno hilo moja la Kimatumbi. Nalo limetufikia kwa sababu aliyeuliza alikuwa na adabu ya kuliandika kama lilivyotamkwa.

Hapa ndipo ninapotaka walimu wa Kiswahili wanisikilize, maana mara nyingi wakisikia Majimaji hudhani ni zamu ya mwenzao. Vita hivi vina utenzi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi kamili, uliochapishwa 1957. Vina tamthilia: Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969, wakati uleule masimulizi ya wazee yalipokuwa yanakusanywa. Na Hussein mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, si yule mtu wa Ngarambe. Mtunzi ameshatufungulia mlango, lakini ni madarasa mangapi yamewahi kuwaweka wawili hao bega kwa bega? Mpe mwanafunzi masimulizi ya mzee kwa mkono mmoja na tamthilia kwa mkono wa pili. Muulize: mwandishi amebadili nini, na kwa nini mwaka 1969, nchi ikiwa changa, alihitaji kubadili hivyo? Swali hilo halijibiwi kwa kukariri. Ni la historia na fasihi kwa pamoja, na mwanafunzi akilishika vizuri atakuwa amejifunza kusoma hotuba ya mwanasiasa, tangazo la biashara na hukumu ya mahakama.

Sasa niseme la kwangu.

Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya huku kusini, niliwapa kidato cha pili kazi ya likizo: kila mmoja amuulize mtu mzima wa kwao alichosikia juu ya Majimaji. Wengi walirudi na maneno ya kitabu, maana waliowauliza nao walisoma kitabu kilekile. Binti mmoja alirudi na jambo jingine. Bibi yake, aliyelelewa na mama aliyekuwa mtoto wakati wa vita, hakumtajia Mjerumani hata mara moja. Alimsimulia njaa: jinsi ghala zilivyochomwa, jinsi watu walivyoingia porini kuchimba ming'oko, jinsi familia ilivyogawanyika kwa sababu shangazi mmoja alifuata mahali penye chakula akaolewa huko na hakurudi. Mwishoni bibi alisema kwamba kwao hawavisifu vita vile. Huyo binti alisimama mbele ya darasa akaniuliza: "Mwalimu, niandike ya bibi au ya kitabu?"

Nilimwambia aandike ya kitabu. Mtihani ulikuwa karibu. Aliandika, akafaulu, akaendelea. Karatasi yake ya likizo ilibaki kwenye meza yangu, kisha ikahamia kabatini, kisha shule ikapakwa rangi na makabati yakahamishwa. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Nimeitafuta karatasi ile mara nyingi kuliko nilivyowahi kuutafuta waraka wowote. Nakumbuka mwandiko wake wa kuinamia kulia, lakini siwezi kukumbuka jina la mahali alikoolewa yule shangazi. Na lile jina lilikuwa ushahidi.

Miaka mingi baadaye nilisoma kazi za wanahistoria waliolirudia suala hili, na moyo ukaniuma upya. Mkusanyo uliohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 uliuliza hasa yale ambayo bibi yule alikuwa akiyasema: je, tumeyabana masimulizi mengi yawe hadithi moja ya taifa? Kabla yao Thaddeus Sunseri alikuwa amechunguza Uzaramo, akatazama njaa, nguruwe mwitu walioharibu mashamba, na mashaka ya wanawake waliobaki nyumbani. Waliokufa ni wangapi? Wajerumani walikubali 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Haiwezekani wote wawe wamekufa kwa risasi. Wengi waliuawa na njaa iliyopandwa makusudi, mashamba na maghala yakichomwa ili watu wasalimu amri. Sehemu nyingine za kusini njaa ile ina jina, fugufugu. Binti wa kidato cha pili aliniletea mlango wa utafiti huo mkononi, nami nikamrudisha kwenye noti.

Siwalaumu waliofanya kazi ya 1968. Nchi ilikuwa na miaka saba tu ya uhuru. Mwalimu Nyerere alikuwa ameitaja Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, na wengi waliona TANU imechukua pale wazee walipoachia. Ni kawaida kwamba waliuliza nani aliongoza, makabila yaliunganaje. Kila kizazi huuliza linalokisumbua. Uzuri wa waliotangulia ni kwamba walitunza majibu yenyewe, maneno ya wazee, si hitimisho lao peke yake. Kwa hiyo aliyekuja na swali jipya alikuta pa kuanzia. Masimulizi ya hapa Songea yanamtaja Nkomanile, mwanamke mwenye mamlaka, kuwa miongoni mwa walioipokea dawa ya maji mapema. Alikuwamo kwenye masimulizi siku zote, akisubiri mtu wa kuuliza kuhusu wanawake.

Lakini tusiwageuze wazee kuwa watu wasiokosea. Nimekutana na hatari hiyo pia, hasa kwa wanachuo wanaopenda kuandika "kwa mujibu wa wazee" kana kwamba wamegonga muhuri. Mzee husahau, huchanganya alichokiona na alichosimuliwa, huficha aibu ya ukoo, humpendezesha mgeni. Aliyesoma kitabu cha shule hukirudisha kwako kama urithi. Ndiyo maana kazi hii ni taaluma, na inahitaji mwalimu. Mwanafunzi lazima ajifunze kuuliza: umeyajuaje haya, nani alikuambia, ulikuwa wapi? Amuulize jirani anayetofautiana na huyo. Alinganishe na ripoti, na wimbo, na kaburi, na jina la mto. Anayefanya hivyo akiwa na miaka 15 hadanganywi kwa urahisi akiwa na miaka 40.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi, maana limesemwa sana. Wazee walisimulia kwa Kimatumbi, Kingoni na Kiswahili; vitabu vikatoka kwa Kiingereza; mtoto wa yule mzee anavisoma kwa Kiingereza na kujibu kwa Kiingereza. Katika safari hiyo njwiywila hupotea. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umetuletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili. Nimefurahi kwa moyo wote. Hofu yangu ni moja tu: tusije tukachukua noti zilezile tukazitafsiri, tukadhani kazi imekwisha. Lugha ya nyumbani ikiingia darasani, iingie na watu wa nyumbani.

Ninaulizwa mara nyingi, na huulizwa na watu wema: haya yote yana faida gani kwa kijana anayetafuta kazi? Misaada inaelekezwa kwenye sayansi. Hata ufadhili wa Samia Scholarship ulioanza 2022 umewalenga waliofaulu vizuri masomo ya sayansi. Sina ugomvi na hilo. Nchi inahitaji madaktari. Ila nitawaeleza kilichotokea Berlin, kisha mniambie mpaka wa sayansi na insia uko wapi.

Makumbusho za Berlin zilikuwa na mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Mengi yalitoka Rwanda; mengine zaidi ya 200 yalitoka katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Watafiti walifanya kazi kwa miaka kadhaa, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba vipimo vya vinasaba vimepata ndugu walio hai wa mafuvu matatu, watu wa Kilimanjaro. Maabara ilifanya muujiza wake. Lakini maabara haikuweza kumpima kila Mtanzania. Ilibidi kwanza ijulikane pa kuanzia. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida". Kutoka neno hilo, pamoja na kumbukumbu za koo juu ya watu wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyenyongwa mwaka 1900, ikawezekana kuifikia familia. Neno moja lililoandikwa na familia zilizotunza kumbukumbu ndivyo vilivyoipa mashine kazi ya kufanya.

Na hapa tulipo, jambo hili si habari ya mbali. Mnajua Makumbusho ya Majimaji iko umbali gani na ukumbi huu. Kila ifikapo 27 Februari tunawakumbuka walionyongwa mwaka 1906. Familia ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea, akakaa na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta. Nani atakitafuta? Watahitajika wanaosoma Kijerumani cha mwandiko wa kale, wanaojua bandari zilizotumika, wanaoweza kuketi na ukoo na kuuliza bila kutonesha. Hao hawashuki kutoka mbinguni. Wako kidato cha pili sasa hivi, na kesho asubuhi wana kipindi na mmoja wenu.

Kwa wenzangu wa vyuo nina neno gumu kidogo. Tasnifu nyingi ninazosoma siku hizi zina hojaji ya maswali 20 ya kuweka tiki, jedwali la asilimia, na sura ya mapendekezo inayoitaka serikali ifanye jambo. Sina neno na hojaji mahali pake. Ila ukimpelekea mzee wa Peramiho karatasi ya "nakubali kabisa, nakubali, sina hakika" juu ya maisha ya wazazi wake, umemfunga mdomo. Na akishajibu, karatasi inakwenda chuoni haionekani tena. Wangapi wamewahi kurudi kijijini na nakala ya tasnifu? Tunaomba kibali cha utafiti, tunagonga kwa mtendaji wa kijiji, tunapewa kiti na maji ya kunywa, tunaondoka na maneno ya watu, hatuonekani tena. Mwanachuo afundishwe kurudi. Alama za kurudi kijijini ziwe sehemu ya alama za tasnifu, na nitalisema hili mpaka kamati fulani inichoke.

Ninachowaomba walimu wa sekondari ni kidogo, nami nimekijaribu miaka yangu ya mwisho darasani. Mahojiano mamoja kwa mwaka kwa kila mwanafunzi. Si lazima yawe ya Majimaji. Soko lilivyoanza, mafuriko, kuhamia vijiji vya ujamaa, kiwanda kilichofungwa, wimbo wa msiba usioimbwa tena. Nunua daftari kubwa la jalada gumu, la ofisini, lile la kurasa 200, liwe la shule, litunzwe maktaba au ofisi ya mkuu, si kwenye meza ya mwalimu. Nimeeleza kwa nini. Nakala moja irudi kwa aliyesimulia, isomwe mbele yake, na asahihishe apendapo.

Kila ukurasa tulianza hivi: jina la aliyesimulia, kama ameridhia liandikwe, jina la aliyeuliza, tarehe, mahali, lugha iliyozungumzwa. Kisha maneno yenyewe, na lile neno lisilotafsirika likiachwa kama lilivyo na kupigiwa mstari. Chini kabisa tuliacha nafasi ya mistari mitatu, nikawaambia wanafunzi hapo waandike jambo moja walilosikia na hawakulielewa. Mwanzoni waliacha wazi, wakidhani kutoelewa ni kosa. Mwaka wa pili wakaanza kuandika. Mmoja aliandika kwamba babu yake alimsimulia kila kitu, lakini alipofika kwenye jina la mto mmoja alinyamaza, akabadili mazungumzo, na machozi yakamlengalenga. Chini yake kijana akaandika kwamba atarudi likizo ya Desemba kumuuliza tena, polepole.